Maji Yakipata pa Kutokea



Jumamosi asubuhi, mvua ya usiku ikishakatika, lango la msitu wa Karura upande wa Barabara ya Limuru hujaa baiskeli. Baba anamshushia bintiye baiskeli kutoka juu ya gari. Vijana wanabonyeza tairi kwa kidole gumba kupima upepo. Akina mama wa mazoezi wanapita wakicheka, na nyuma yao mzee mwenye kofia ya sufu anakuja taratibu na fimbo yake. Muda si mrefu wote wamemezwa na miti, kila mtu na njia yake, na honi za matatu zimebaki huko nje.

Hebu tuifuate ile misururu ya baiskeli kidogo. Udongo wa Karura ni mwekundu, ule ule wa mashamba ya kahawa ya Kiambu, mwema kwa miche na mkorofi kwa mpanda baiskeli unapolowa. Chini ya mteremko wa kwanza maji yamejikusanya, pametokea dimbwi. Wa kwanza analiona, anashika breki, anapitia pembeni kwenye nyasi. Wa pili anafuata alama za wa kwanza. Wa tatu anakuta pembeni nako kumeshakuwa tope, basi anasogea hatua moja zaidi, karibu na mche uliopandwa juzi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alitaka tu asichafuke. Lakini pita hapo baada ya mwezi: kijia kilichokuwa na upana wa usukani kimekuwa uwanja wa matope, na ule mche hauonekani tena.

Wanaotunza njia za msituni wana ushauri unaowashangaza wageni. Ukikuta dimbwi, pita katikati. Ikibidi shuka, uisukume baiskeli, lakini pita katikati. Matope ya miguuni yataoshwa kwa ndoo moja ya maji ukifika nyumbani, ilhali nyasi iliyokanyagwa kandokando itahitaji misimu kadhaa ili iote tena. Na kama njia yote imelowa kiasi kwamba tairi linaacha mfereji nyuma yake, basi rudi nyumbani ukanywe chai. Njia itakungoja.

Nimekaa na dimbwi hilo moyoni wiki nzima, maana nalifahamu katika nyumba zetu. Kuna jambo ambalo mume na mke wamelikuta njiani: la fedha labda, au la wakwe, au la mimba iliyoharibika ambayo hakuna aliyeilia kwa sauti. Siku ya kwanza wanalizunguka kwa hekima. "Tuliache leo, umechoka." Vema. Siku ya pili wanalizunguka kwa mazoea. Kisha yanaongezeka mambo yanayopakana nalo. Krismasi isitajwe, maana Krismasi itatufikisha kwa mama mkwe. Shule isitajwe, maana shule itatufikisha kwenye karo, na karo itatufikisha kwenye ule mkopo. Miaka ikipita, nyumba nzima inaishi kando ya njia, na watu wawili wanaopendana kweli wanabaki kuulizana kama gesi imekwisha.

Wewe je, ni lipi unalolizunguka? Siulizi ili nikulaumu. Nauliza kwa sababu wengi wetu tulianza kuzunguka kwa nia njema kabisa.

Karura yenyewe nayo ilizungukwa kwa miaka mingi. Ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na hadi leo ni takribani hekta 1,000 za miti katikati ya jiji. Kufikia miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kimyakimya kwa watu wenye nafasi, na ujenzi ukaanza. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miti. Wakavamiwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo wakaandamana, wachungaji na mapadri wakasema, na Agosti ya mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi za umma. Miaka mitano baadaye mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na leo jina lake limo ndani ya msitu huo, kwenye kona waliyomtengea.

Hiyo ndiyo sehemu ya habari inayosimuliwa mashuleni. Mimi huvutwa zaidi na iliyofuata, ambayo haina ushujaa wa kupigiwa makofi. Msitu ulikuwa umeokolewa, lakini watu walikuwa bado wanauogopa. Ulikuwa na sifa ya majambazi na maiti zilizotupwa, na mwanamke wa Nairobi asingethubutu kuingia peke yake. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 ikafungua mlango kwa wananchi kushirikiana na serikali kuitunza misitu. Majirani wakaunda chama, Marafiki wa Msitu wa Karura. Pakajengwa uzio wa umeme. Vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, Huruma kikiwemo, wakafunzwa kuwa walinzi. Vichaka vikafyekwa, vijia vikafunguliwa, makutano yakawekewa nguzo zenye namba ili mtu asipotee. Watu wakarudi, kwanza kwa makundi, wakiangalia nyuma, halafu wawiliwawili, halafu mmoja mmoja akiwa na kitabu chake mkononi.

Naisimulia kwa urefu kwa ajili ya yule aliyesamehe na sasa anajishangaa mbona bado anaogopa. Ulitamka msamaha, na ulimaanisha. Ulisali, ukalia, ukamshika mkono aliyekukosea. Kisha wiki iliyofuata simu yake ilipoita tumbo likakukaza, ukajiuliza kama ulikuwa unamdanganya Mungu. Hapana, mpendwa. Amri iliyosimamisha uporaji wa ardhi ilitamkwa siku moja. Kutembea bila kuangalia nyuma kulikuja baadaye sana, kwa uzio, kwa walinzi, na kwa asubuhi nyingi zilizopita salama. Usijidharau kwa kuwa uko bado kwenye hizo asubuhi.

Nirudi kwenye baiskeli, maana kuna jambo ambalo mtembea kwa miguu halioni upesi. Njia ya msituni haibaki ilivyo. Anayepita mara kwa mara analijua hili mwilini mwake. Kabla ya kona kali, pale kila mtu anaposhika breki, ardhi huota matuta madogomadogo yaliyopangana, yanayomtingisha mtu hadi meno yanagongana. Hakuna mpanda mmoja aliyeyachimba. Tairi la nyuma likirushwa na kituta kidogo, linapotua huku breki imekazwa linakwangua udongo kidogo, na anayefuata anakuta kituta kimekua. Upande wa nje wa kona hiyo hiyo, udongo ule uliosukumwa unajijenga ukingo. Mizizi iliyokuwa imefunikwa mwaka jana imetokeza, na ikilowa inateleza kuliko sabuni. Mti umeanguka, watu wamezoea kuuzunguka kulia. Mvua za Aprili na Mei 2024, zile zilizofurisha mito ya Nairobi, zilituachia vijia ambavyo hata mwenyeji ilimbidi ajifunze upya.

Mwanguko mbaya mara nyingi humpata anayeijua njia. Mgeni huenda polepole, macho mbele. Mwenyeji huja kwa kasi akiendesha njia iliyo kichwani mwake, ile ya mwaka jana, ambamo kona ilikuwa pana na mzizi haukuwepo.

Tunaowapenda nao tunawaendea hivyo hivyo. Mzazi anamjibu binti wa miaka 19 kana kwamba anaongea na yule wa miaka 12, kisha anashangaa mbona mlango umebamizwa. Mume anamletea mkewe zawadi aliyoipenda walipooana, na hajaona kwamba siku hizi anachokihitaji ni saa mbili za usingizi Jumapili mchana. Tunasema tunamjua mtu. Tunachokijua ni mtu wa zamani, na huyu aliye mbele yetu amepitiwa na mvua ambazo hatukuziuliza. Uaminifu wa kila siku, ule tunaouapia madhabahuni, sehemu yake kubwa ni hii: kutazama upya. Lini mara ya mwisho ulimwuliza mwenzako jambo ambalo jibu lake hulijui?

Kuna mabadiliko mengine ambayo ni magumu zaidi kuyapokea, kwa sababu yanafanana na uharibifu. Sehemu kubwa ya Karura ilikuwa mashamba ya miti ya kigeni. Mikaratusi iliingia Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi la reli ya Uganda, na kwa vizazi vingi ikatawala vilima vyetu. Sasa kidogo kidogo inavunwa Karura, na mahali pake panapandwa miti ya asili: muhugu, mukinduri, muiri. Anayependa vijia vile anafika siku moja anakuta kivuli alichokizoea hakipo. Visiki vimesimama wazi, jua linachoma, njia imejaa magome na alama za magurudumu ya trekta. Watu hukasirika, na nawaelewa. Mche wa muhugu una urefu wa goti, na muhugu haukimbizwi. Ni wa kukua taratibu. Anayeupanda akiwa na mvi anajua kivuli chake ni cha wajukuu.

Huenda uko mahali kama hapo mwaka huu. Kuna kitu kimekatwa maishani mwako, tabia ya miaka mingi labda, au kazi iliyokupa heshima na kukunyima nyumba, au urafiki uliokuwa na kivuli lakini ulinyonya maji yote. Unasimama kwenye jua na unasikia watu wakisema umeharibika. Sitakuambia kwamba kila kinachokatwa kinakatwa kwa mkono wa Mungu. Vingine hukatwa na wezi, na Karura inawajua. Ninachokuomba ni uangalie chini kabla ya kuhukumu. Je, kuna kilichopandwa? Kama kipo, hata kama hakifiki goti, kinyweshe.

Sasa maji.

Nimewahi kusimama mvuani na mzee mmoja anayefanya kazi ya kutengeneza vijia, si Karura bali kwenye shamba moja la miti huko Limuru. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile inayolowesha polepole. Nilidhani tutajibanza. Yeye ndiyo kwanza akavaa gunia begani na kuchukua jembe.

"Mchungaji," akaniambia, "njia ukitaka kujua inaumwa wapi, njoo nayo mvuani. Kiangazi njia zote ni nzima."

Akaokota jani la mukinduri, akalitupa kwenye kijito chembamba kilichokuwa kikishuka katikati ya njia. Tukalifuata. Jani likaenda hatua kumi, ishirini, halikutoka. Liliteremka na njia kama abiria aliyelipa nauli hadi mwisho. Kila tulivyoshuka, kijito kilizidi kuwa chekundu na kuongeza nguvu, hadi mahali kilipokwishachimba mtaro wa kina cha kiganja.

"Unaona? Maji hayana kosa," akasema. "Kosa ni kwamba hayakupewa pa kutokea."

Akapanda tena hadi karibu na pale jani lilipoanza safari, mahali ambapo palionekana hapana tatizo lolote. Akapiga jembe mara chache kwa mshazari, akaulaza ukingo wa chini ili uelekee bondeni, akakanyagakanyaga kwa kisigino. Haikumchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akatupa jani jingine. Likafika pale, likasita, likageuka, likapotelea kwenye nyasi. Chini yetu kijito kikakonda.

Nilimwuliza mbona hakuanzia kule chini palipoharibika. Akacheka. "Kule ni kazi ya siku tatu na mawe ya lori. Hapa ni jembe."

Mpendwa, mimi sina mafundisho ya hasira yanayopita hayo. Hasira ndani ya upendo haina budi kuja. Inanyesha kwa wema na kwa wabaya. Paulo aliwaandikia Waefeso akijua kwamba watakasirika, akawaomba tu jua lisiwachwee wakiwa nayo. Angalia alivyowawekea mpaka: jioni ya siku ile ile. Alijua kwamba neno lisemwalo jioni, "lile ulilosema mbele ya wageni liliniumiza," ni jembe mara tatu kwa mshazari. Likiachwa, linashuka na njia, linaokota ya juzi na ya mwaka juzi, hadi siku moja watu wawili wanakaa mbele ya mchungaji wakigombania namna ya kupanga vikombe, na mimi najua kwamba vikombe ni kule chini kabisa, kwenye mtaro. Tunapanda pamoja polepole kutafuta palipoanzia. Mara nyingi tunapakuta mahali padogo ajabu.

Na ujifunze kuangalia mvuani. Kiangazi nyumba zote ni nzima. Usimwulize mwenzako mnaendeleaje siku mshahara umeingia na watoto wamelala. Angalia mnavyosemezana siku ya msiba, siku ya wageni, siku gari limezima barabarani. Hapo maji yanajionyesha yenyewe.

Kuna kundi la watu waliojifunza kazi hii ya kutengeneza vijia kwa njia isiyopendeza, nao wanastahili kutajwa. Mchezo wa kushuka milima kwa baiskeli ulipata umbo lake California, Marekani, miaka ya 1970. Karibu na mji wa Fairfax, kuanzia mwaka 1976, vijana walishindana kuteremka barabara moja ya vumbi kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Wakifika chini, grisi ya ndani ya breki ilikuwa imeungua ikawa moshi, na ilibidi kuipaka upya. Furaha tupu. Lakini baiskeli zilipoongezeka, watembea kwa miguu na wapanda farasi walianza kulalamika, na njia moja baada ya nyingine ikafungiwa baiskeli. Malalamiko mengine yalikuwa ya haki: watu walipitwa kwa kasi, farasi walishtuka. Mengine yalikuwa chuki tu ya kitu kipya.

Mwaka 1988 vilabu vya huko viliungana vikaunda chama cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, ambacho baadaye kilivuka mipaka ya Marekani. Kilidai haki, ndiyo. Lakini pia kiliwapa watu majembe. Kiliwafundisha wanachama kumpisha anayetembea, na kutengeneza njia wanazozitumia na zile wasizozitumia. Vipimo vyake vinafuatwa mahali pengi hadi leo: njia isiwe na mwinuko unaozidi nusu ya mwinuko wa kilima inachokata, wastani wake usizidi asilimia 10, na uso wake ulazwe kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke yasitembee nayo. Yaani njia nzuri haishuki kilima moja kwa moja kama inayotaka kumaliza. Inakizunguka, inapanda kidogo, inashuka, inaenda tena. Zile za mkato, zilizokatwa wima na watu wenye haraka, mvua ya kwanza huzifanya makorongo.

Sijui kama wale waliofungiwa njia walisamehe mioyoni mwao. Naona tu kwamba baadhi yao waliokota jembe kabla hawajaombwa radhi. Petro alipomwuliza Bwana asamehe mara ngapi, akapendekeza saba, bila shaka alijiona mkarimu. Jibu alilopewa lilimwondolea kabisa kazi ya kuhesabu. Tunalisoma kana kwamba ni mzigo. Lakini mtu anayetengeneza njia hahesabu mvua. Akisikia zimeanza kunyesha anatafuta viatu vyake, maana ndiyo kazi, na kazi hiyo ndiyo sababu njia bado ipo.

Lakini nisikuache na picha nusu, kwa sababu wako watakaosoma haya wakajiumiza. Kuna kijia kinachofungwa. Ukitembea msituni utakiona: matawi makavu yamelazwa mdomoni mwake, pengine kibao, na ndani majani yameanza kuota katikati. Waliokifunga hawakukichukia. Kilikuwa kimechimbika mno, au kilipita pabaya tangu mwanzo, karibu sana na mto. Baadhi hufunguliwa tena udongo ukishajishika. Vingine hawavifungui kamwe, wanachora njia nyingine juu zaidi kwenye mgongo wa kilima, ambayo inafika kule kule kwa mwendo wa taratibu. Na anayeyaondoa matawi usiku ili apite, kwa kuwa yeye alikizoea, anarudisha kazi yote nyuma.

Dada mmoja alinijia baada ya ibada, akasubiri watu waishe. Yeye na kaka yake walikuwa wameachana vibaya kwa ajili ya shamba la marehemu baba yao. Kaka aliuza sehemu bila kumwambia, kisha akamtusi mbele ya wazee. "Mchungaji, nimemsamehe. Ni kweli nimemsamehe. Lakini anataka tununue ng'ombe pamoja, tuanze biashara, anasema kama sikubali basi msamaha wangu ni wa mdomo."

Nilimwambia, "Dada yangu, kumsamehe umemsamehe. Ng'ombe ni habari nyingine."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akaniuliza swali lililonipa kazi zaidi: basi afanye nini na yeye, maana ni kaka yake, walilala kitanda kimoja utotoni. Tulikaa kwenye benchi tukifikiri. Alichokiamua ni chake, na mimi nilimsikiliza tu. Kila Jumapili jioni anampigia simu. Wanazungumza habari za mama yao: amekula nini, dawa za presha zimefika, mguu unaendeleaje. Shamba halitajwi bado, wala ng'ombe. Siku atakayoona udongo umejishika, ameniambia, atalitaja yeye mwenyewe, tena katikati, bila kulizunguka.

Mwanzoni kaka alikuwa akijibu kwa neno moja moja. Siku hizi huanza yeye kuuliza habari za watoto, na mara moja walicheka hadi salio likaisha. Mama yao anatimiza miaka 80 mwezi Desemba. Dada ameshasema ataleta mchele. Kaka anatafuta hema.